Mwamuzi Aliyefuta Pointi za Nyumbani

Mtu mwoga kuliko wote niliowahi kuwajua alikuwa mwamuzi wa mpira wa kikapu. Watu wa Kariakoo walimwita Mwamuzi, hata wale ambao hawajawahi kukanyaga uwanjani, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa na duka la vitambaa vya mapazia Mtaa wa Narung'ombe, ukuta mmoja na duka la dawa ninapofanya kazi mpaka leo. Asubuhi alikuwa mfanyabiashara. Alasiri, siku za mechi, alivaa shati la kijivu na suruali nyeusi, akaning'iniza kipenga shingoni, akaenda kuogopa mbele za watu.

Sisemi hivyo kwa kumdharau. Mwenyewe hakuficha. Siku ya mechi hakula kitu. Mkewe alimletea chai ya tangawizi na chapati mbili dukani. Chai aliinywa, chapati aliwapa wapagazi waliopita na mikokoteni. Ikikaribia saa ya kuondoka alikuja kwangu kuulizia dawa ya tumbo, nami nilijua hana ugonjwa wa tumbo. Nilimpa vidonge vya kutafuna, akatafuna akitazama barabarani, vidole vyake vikiwa na baridi kama vya mtu aliyetoka kuosha samaki.

"Mzee, miaka yote hii hujazoea?" niliwahi kumuuliza.

"Binti, siku nitakayozoea nitaacha. Aliyezoea hatazami tena."

Hata nje ya uwanja aliogopa. Bohari yake ilikuwa ghorofa ya sita ya jengo refu lililo nyuma ya maduka yetu, na kwa kuwa hakuiamini lifti alipanda ngazi kila alipohitaji jora, akashuka nalo begani jasho likimtiririka, vijana wa lifti wakimcheka. Aliogopa simu inayolia alfajiri. Aliogopa mbwa, na ngurumo, na watu wanaozungumza kwa upole kupita kiasi. Hao ndio aliowaogopa zaidi. "Anayefoka kashamaliza," alisema. "Anayekuita mzee wangu, mzee wangu, huyo bado anapanga."

Lakini usije ukamdhania mtu wa kweli tupu. Kwenye biashara alikuwa Mkariakoo kamili. Kitambaa kilichoshushwa kontena moja na vitambaa vya mtaa mzima yeye alikiita cha Uturuki, na aliapa. Mteja akisema duka la pili anauziwa nusu ya bei, Mwamuzi aliweka mkono kifuani kama aliyefiwa. Nilimsikia akimwambia mama mmoja wa Magomeni kwamba pazia lile haliwezi kuchuja rangi mpaka wajukuu zake waolewe. Mama akarudi baada ya kufua mara moja, pazia limekuwa kama maji ya mchele, na Mwamuzi akamlaumu kwa sabuni aliyotumia.

Siku hiyo nilimshika. Nikamwambia, "Mzee, uwanjani hukubali hata pointi moja ya uongo, na hapa unaapa Uturuki."

Alifikiri kweli, hakutania. "Hapa mtu anaweza kwenda duka jingine," akasema. "Kule hana refa mwingine wa kumwendea."

Yeye ndiye aliyeniingiza kwenye mchezo. Nilikuwa nimecheza nikiwa sekondari, basi akanichukua kukaa kwenye meza ya pembeni ya uwanja, pale wanapokaa mwandika pointi na mtunza saa. Kabla sijaruhusiwa kugusa saa alinifundisha dukani kwake, katikati ya wateja, sharti ambalo alisema ndilo linalomnyima usingizi. Kuna makosa ya mwamuzi ambayo hayarudi nyuma. Usipoona mtu ametembea na mpira, limepita hilo. Lakini ukitoa isivyostahili mitupo huru, ile ya kusimama mstarini na kutupa bila kuzuiwa, au ukinyima iliyostahili, au ukamwacha mtu asiyehusika aitupe, au ukatoa pointi ambazo hazikupatikana, hayo unaruhusiwa kuyarekebisha. Ila una nafasi ndogo. Saa ikishaanza kutembea baada ya kosa, unangoja mpira usimame mara ya kwanza, na hapo ndipo useme. Mpira ukirudi mchezoni, umechelewa, hata kama uwanja mzima unajua umekosea.

"Kwa nini waweke mwisho?" nikamuuliza. "Kosa si kosa tu?"

"Wasipoweka mwisho mechi itachezwa mpaka kiama." Akakunja kitambaa alichokuwa anapima. "Mwisho wenyewe hauniogopeshi. Kinachoniogopesha ni kukumbuka sekunde moja baada yake."

Ilikuwa imeshampata. Hakupenda kuisimulia, niliipata kwa vipande, vingine kwake na vingine kwa mkewe. Ilikuwa mechi ya wasichana, timu moja ya Ilala, kabla sijamjua. Mchezaji wao alisukumwa akiwa hewani anatupa, akaanguka. Mwamuzi akapuliza, lakini katika kelele na kubishana kwa makocha akili yake ikaruka, akawapa mpira wa pembeni badala ya mitupo miwili. Kocha wao hakugundua. Mpira ukachezwa, ukatoka, ukarushwa tena ndani. Ndipo alipomwona yule msichana anakimbia huku akijipangusa mchanga kiwikoni, na akakumbuka. Mpira ulikuwa umesharudi mchezoni. Ilala walipoteza kwa pointi moja.

Mwenzake aliyechezesha naye alikuwa amemwambia palepale, mechi ikiwa bado inaendelea, kwamba dawa ni rahisi: apulize faulo yoyote upande wa pili, awalipe Ilala mitupo yao, mambo yaishe. Alikataa. Alisema wale wengine hawakuwa na kosa, na angekuwa amewaibia watu wawili kwa siku moja. Baada ya mechi akamwendea kocha wa Ilala, mama mmoja mkali, akamwambia usoni: "Niliwanyima mitupo miwili. Nimekumbuka nimechelewa." Yule mama akageuka akaenda zake. Tangu hapo, kila akihitaji mapazia, alikuja mpaka mlangoni kwa Mwamuzi, akahakikisha ameonekana, kisha akavuka barabara akanunua duka la ng'ambo. Miaka ilipita akiendelea hivyo. Mwamuzi kila akimwona anakuja aliacha kila kitu akasimama, kama anayengoja kuamkiwa.

Mkewe aliniambia kwamba ndotoni hakuwa akipiga kelele. Alikuwa akihesabu.

Nilimwona mimi mwenyewe akiifikia ile nafasi ndogo na kuitumia, na nikaona bei yake. Ilikuwa nusu fainali. Nyundo, timu ya Gerezani, ambayo ndiyo timu ya Kariakoo nzima, walicheza na Radi wa Magomeni kwenye uwanja wa saruji wa upande wa Upanga. Wauza viatu, mafundi simu, vijana wa mikokoteni, wote walifunga kazi mapema. Nusu ya waliokuwa wamezunguka uwanja walikuwa wateja au majirani wa Mwamuzi. Mimi nilikaa mezani, mtunza saa. Pembeni yangu mwandika pointi alikuwa kaka mmoja mpole, mzoefu, ambaye kazi yake nyingine ilikuwa kuinua alama pale timu inapotimiza idadi ya faulo iliyowekwa kwa kila robo ya mchezo. Alama ikishainuliwa, faulo yoyote inayofuata wapinzani wanapewa mitupo huru. Kabla ya hapo wanapewa mpira wa pembeni tu.

Mwishoni kabisa Nyundo walikuwa nyuma kwa pointi moja. Nahodha wao akashikwa jezi katikati ya uwanja. Mwamuzi akapuliza, akatazama mezani, akaona alama imeinuliwa upande wa Radi, akaonyesha mitupo miwili. Nahodha akasimama kwenye mstari. Uwanja ulinyamaza mpaka nikasikia jenereta la jengo la jirani. Akaitia yote miwili, safi, haikugusa hata chuma. Nyundo wakaongoza. Wanaume wazima wakakumbatiana.

Radi wakarusha mpira ndani, nikaiwasha saa. Wakakimbia nao, mkono wa mtu wa Nyundo ukaugonga ukatoka nje. Nikasimamisha saa. Mchezaji wa Radi alikuwa ameshanyoosha mikono apewe mpira aurushe, lakini Mwamuzi akaukumbatia. Akageuka, akaja kwetu. Niliuona uso wake ukija na nikatamani aendelee kupita.

"Nihesabieni faulo za Radi robo hii," akasema.

Mwandika pointi akatazama karatasi yake, akatazama tena. Alama ilikuwa imeinuliwa mapema, faulo moja kabla ya wakati. Akanong'ona, "Mzee wangu, nisamehe. Lakini mwache tu mtoto arushe. Sekunde mbili tatu yameisha. Tazama watu nyuma yako."

"Nimeshawatazama."

"Watatuua hapa."

"Mimi naogopa kuliko wewe," Mwamuzi akasema, mpira bado ameukumbatia kifuani. "Lakini mpira haujarudi. Ukirudi nitakuwa siwezi tena. Sasa hivi naweza."

Akaita manahodha na makocha wote wawili. Akaeleza kwa maneno machache. Kisha akasogea mbele ya meza ili kila mtu aone, akapunga mikono kufuta. Pointi mbili zikaondolewa. Kwa kuwa mpira ulikuwa umeshabadilisha mikono tangu kosa lilipotokea, ikatazamwa zamu ya nani kupewa mpira, na mshale wa zamu pale mezani ulikuwa umewaelekea Radi. Wakaurusha, wakaushikilia, nikaibonyeza saa ikalia. Radi wakashinda.

Kilichofuata sikumbuki vizuri kwa mpangilio. Nakumbuka chupa ya maji ikitua mezani na kulowesha mikono yangu. Nakumbuka mtu amenishika mkanda wa begi akiniuliza nimelipwa na nani. Nakumbuka Mwamuzi amesimama na mwenzake katikati ya uwanja, wachezaji wa timu zote mbili wamewazunguka wasifikiwe, na kwamba alikuwa akitafuta kwa macho mpaka akaniona, akanionyesha kwa kidole niingie ndani ya duara. Tuliondoka uwanjani hivyo, kama maharusi waliozingirwa na ndugu.

Nilidhani hofu imeisha siku hiyo. Haikuwa hata imeanza.

Wateja wa Gerezani waliacha kuja. Hilo tulilitegemea. Kisha, siku moja asubuhi, nilikuwa nimekaa ndani kwao nakunywa chai, mkewe anapanga vishikizo vya mapazia, akaingia kijana nadhifu, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu mwanangu."

"Nataka kitambaa cheupe."

"Kipo cha neti, kipo kizito."

"Kizito. Nipimie urefu wako."

Mwamuzi alidhani hakusikia vizuri. "Urefu wa dirisha?"

"Wako, mzee wangu. Utosini mpaka vidoleni. Na cha kuzidi kidogo huku na huku, cha kufungia."

Nje mtu alikuwa anatangaza bei ya soksi kwa kipaza sauti, anarudia neno lilelile. Yule kijana hakuwa amekasirika hata kidogo. Alinitazama na mimi, kuanzia juu mpaka chini, kama anayekadiria, halafu akamrudia Mwamuzi.

"Hapa tunauza mapazia," Mwamuzi akasema. "Hicho wanauza wengine."

"Sawa mzee wangu. Nitapita siku nyingine." Akaligusa jora jeupe kwa vidole viwili, akaondoka taratibu, akapotea kwenye watu.

Mwamuzi akakaa chini, si kwenye kiti, sakafuni, mgongo umeegemea majora. Mkewe akashusha mlango wa chuma nusu. Mimi nilikuwa bado nimeshika kikombe, nimeshindwa kukitua.

"Twende polisi," nikasema baadaye.

"Nikaseme nini? Mteja kaulizia kitambaa?"

Mkewe, ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, alizungumza akiwa bado amempa mgongo. "Basi na uache. Ulichowaonyesha kinatosha. Sitaki kuwa mjane wa mpira wa kikapu."

"Nikiacha wiki hii," Mwamuzi akasema kutoka pale chini, "watajua dawa ya kila mwamuzi. Mwaka kesho ukitaka niache, nitaacha. Wiki hii hapana."

Hakulala wiki ile, wala mimi. Nikiwa nyumbani Ilala niliposikia mtu anagonga kwa jirani nilisimama. Nilianza kutofautisha nyayo. Kila alipoingia duka la dawa kijana mwenye shati lililopigwa pasi kuulizia panadoli, nilidondosha kitu.

Aliyevunja hali ile ni mtu ambaye sikumtegemea. Siku ya nne au ya tano, nahodha wa Nyundo, yuleyule aliyefutiwa mitupo, alikuja Mtaa wa Narung'ombe. Mwamuzi alipomwona anainama kupita mlangoni, kwa urefu wake ule, alirudi nyuma mpaka akagonga rafu. Nahodha akaamkia.

"Mzee, ile mitupo niliitupa vizuri?"

"Uliitupa vizuri sana," Mwamuzi akasema. "Tatizo ni kwamba haikuwa yako."

Nahodha akatikisa kichwa polepole. Akachukua kigoda, akakitoa nje, akakaa mbele ya duka, miguu yake imefika karibu nusu ya njia. Akaagiza kahawa. Alikaa pale mpaka adhuhuri, akisalimiwa na kila apitaye, wa Gerezani wote wakimwona alipokaa. Akarudi kesho yake, na keshokutwa. Hakusema amefuata nini na hakuna aliyemuuliza. Yule kijana nadhifu hatukumwona tena. Sisemi kwamba hofu ilimwisha Mwamuzi. Kila jora jeupe alilipeleka bohari na hakulirudisha dukani. Lakini Jumapili alivaa shati lake la kijivu, akatafuna vidonge vyangu, akaenda.

Kuacha aliacha baadaye, miaka mingi baadaye, bila kuaga. Msimu mmoja ulianza na yeye hayupo. Duka akalishika binti yake. Tulisikia amehamia Kigamboni, anapumzika. Mimi wakati huo nilikuwa nimetoka mezani na kuingia uwanjani, nina kipenga changu, na nimeshaanza kukosa hamu ya kula siku za mechi.

Nilimwona tena mwaka huu, kwenye fainali ya wanawake. Nilikuwa mwamuzi mkuu. Alikuja na mkewe, wakakaa mstari wa mbele, na nilipomwona moyo wangu ulitulia kama mtoto aliyemwona mzazi shuleni.

Robo ya nne, pointi zikiwa karibukaribu, mchezaji wa wenyeji aligongwa akitupa. Nikaonyesha mitupo miwili, nikaenda mezani kutaja namba ya aliyemgonga. Niliporudi, msichana alikuwa ameshasimama kwenye mstari. Nikampa mpira. Akatia yote. Mpira ukachezwa, saa ikatembea, kisha ukatoka nje, na wakati naufuata ndipo nilipomwona mwenzake, mrefu kama yeye, nywele zimesukwa vilevile, anajikandakanda bega. Aliyetupa hakuwa aliyegongwa.

Nikaushika mpira. Nikamwita mwamuzi mwenzangu, akasema anadhani ndivyo, lakini hana hakika. Mezani walikuwa na namba ya aliyegonga, si ya aliyegongwa. Mashabiki walishaanza kuuliza kwa nini nimesimama. Nikafanya kitu ambacho mwamuzi hafanyi: nikageuka nikamtazama mzee kwenye mstari wa mbele. Niliomba kichwa tu, kitikisike huku au kule.

Akainamisha uso akatazama viatu vyake.

Sijawahi kuwa peke yangu namna ile. Nikafikiri, ameona nimekosea, ananionea aibu. Au ameona niko sahihi, hataki kuwamo. Nikamwendea yule anayejikanda bega nikamuuliza, "Nani aligongwa?" Akatazama benchi lao, kisha akanitazama mimi, na jibu likawa machoni kabla hajafungua mdomo. Nikawaita makocha, nikaeleza. Nikapunga mikono. Pointi mbili zikafutwa, mchezo ukaendelea pale uliposimama, na wenyeji wakapoteza fainali.

Watu walipopungua nilimwendea. Mkewe alikuwa amekwenda kutafuta bajaji.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba binti." Alinyoosha mkono pembeni kidogo ya nilipokuwa, nikausogelea.

"Mbona uliinamisha uso?"

Aliushikilia mkono wangu. "Nilisikia umepuliza, halafu watu wanauliza kwa nini umesimama. Nikajua unanitazama. Niliogopa utasoma kitu usoni kwangu, na hakuna kitu cha kusoma. Siku hizi macho yangu yanafika hapa tu, kwenye magoti. Mechi nzima nimeisikiliza." Akatabasamu kwa haya. "Haya, niambie. Kosa lilikuwa lipi?"

Nikamwambia. Alisikiliza kichwa kimeinama, na nilipofika mwisho akashusha pumzi ndefu, kana kwamba ni yeye aliyekuwa uwanjani.

Nikamsimamisha, nikampa kiwiko. Mbele yetu, kwenye geti, walikuwa wamesimama vijana kama ishirini, mashabiki wa timu ya wenyeji, mikono wamekunja kifuani, hawasemi kitu. Mmoja alikuwa ananitazama na kutabasamu kwa upole.

"Wapo bado?" akauliza Mwamuzi. "Wanatungoja?"

"Hapana, Mzee. Wameshaondoka wote."

"Alhamdulillahi." Nikahisi mkono wake unalegea juu ya wangu. "Basi twende polepole, binti. Miguu yangu siku hizi haina haraka."

Tukaenda polepole.